Fungu la Asiyekuwepo

Orrin, Illinois
14 Septemba 1969

Mdogo wangu Kaz,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo linanikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi za ofisi ya kijiji. Wewe je? Unakula? Mara ya mwisho ulipokuja shati lilikuwa linakupwaya, nami sikusema kitu kwa kuwa ulikuwa na haraka ya kurudi kazini. Bi Petkus wa nyumba ya pili anakusalimu. Mbwa wake alikufa Julai, ameshapata mwingine na amempa jina lile lile. Nyanya zimezaa kupita kiasi. Nimesindika chupa arobaini na mlaji ni mimi peke yangu.

Sasa nikuambie lililonifanya nikae nikuandikie. Bila shaka umesikia kwamba jimbo letu limeanza kukata kodi ya mapato, tangu Agosti. Watu hapa wamelalamika wee, hasa wale wasio na mapato. Lakini kuna uzuri wake. Kodi hiyo inagawanywa mafungu kumi na mawili. Kumi na moja yanabaki kwa jimbo, na moja linarudishwa kwenye miji, vijiji na kaunti, kila mahali kwa idadi ya watu wake. Hawaulizi kama mgodi wenu umefungwa au la. Wanauliza mko wangapi, basi. Na kwa kuwa mimi ndiye karani, hundi itakuja mezani kwangu.

Mwenyekiti wetu, Hollis Eckert, aliisoma barua ya jimbo mara mbili mbele ya baraza, akavua miwani, akasema, "Jamani, hii ndiyo mara ya kwanza mtu kutupa kitu kwa sababu tupo tu." Tulicheka mpaka Bi Petkus, aliyekuja kulalamikia mtaro wake, akasahau mtaro. Fedha tutaziweka kwenye pampu ya kisima, ambayo siku hizi inafanya kazi siku inayotaka yenyewe.

Kwa sasa wanatumia sensa ya mwaka sitini, iliyotupa watu 611, na wewe ukiwemo. Sensa mpya ni Aprili. Ndiyo maana nakuuliza, na tafadhali usinijibu kwa mzaha: unarudi lini? Mgodi ulipofungwa ulisema unakwenda miaka miwili tu. Huu ni wa sita. Chumba chako nimekipaka rangi. Nyumba ni yako, baba alikuandikia wewe, mimi ni mtunzaji tu.

Dada yako,
Lorena


Flint, Michigan
23 Novemba 1969

Dada Lorena,

Nimechelewa, najua, na najua pia sura unayoikunja sasa hivi. Kiwandani tumewekwa zamu sita kwa wiki, tunafunga milango ya magari, mlango wa kulia tu, mpaka nikiota naota mlango wa kulia. Afya yangu nzuri. Habari za kukonda zifute. Mkanda nimeusogeza matundu mawili. Mama mwenye nyumba ninayokaa, jina lake Opal, ni mtu wa Kentucky na anakaanga kuku asubuhi. Asubuhi, dada!

Kuhusu kodi, msijidai mmevumbua. Sisi huku tulianza kukatwa miaka miwili kabla yenu, na jimbo linaigawia miji vile vile. Kwa hiyo kila Ijumaa nikipokea bahasha ya mshahara naona shimo ndani yake, na Jumatatu nikipita barabara mpya najiambia, hapo pamelala jasho langu. Mwambie Hollis asiitumie fedha yote kwenye pampu, abakize ya kununulia miwani mingine.

Krismasi nitajaribu kuja. Msimamizi wetu ni mtu mgumu. Kuhusu chumba, usijisumbue na rangi.

Ndugu yako,
Kaz


Orrin
11 Januari 1970

Mdogo wangu,

Mwaka mpya umetukuta wazima. Theluji imefika dirishani na Bi Petkus ameanguka mbele ya kanisa, hakuumia, ila kofia imepotea na anamshuku padri.

Hukuja. Sikuandika mapema kwa sababu ningeandika kwa hasira. Mkesha wa Krismasi niliandaa kama mama alivyoandaa, vyakula kumi na viwili visivyo na nyama: samaki, kiazi, kabichi, mbegu za mpopi. Bi Petkus alikuja tukala pamoja. Niliweka sahani ya baba na mama, na mshumaa, bila kijiko, kama desturi ilivyo kwa waliofariki. Kisha nikaweka na yako. Bi Petkus akaitazama, akauliza, "Hii ya nani?" Nikamwambia ya Kaz. Akainuka mwenyewe, akaenda kabatini, akarudi na kijiko akakiweka kando ya sahani. "Aliye hai anawekewa kijiko," akasema. "Usimzike mtoto wa watu."

Hundi ya jimbo inakuja kila mwezi. Ukipiga hesabu, kila mtu wa Orrin analeta kama dola sita kwa mwaka. Ni kidogo, lakini kijiji chote ukikijumlisha ndiyo pampu, ndiyo taa za barabarani, ndiyo kokoto za njia ya shule. Nikiiandika hundi daftarini nakuona na wewe umo ndani, dola zako sita, na moyo unatulia kidogo.

Huyo Opal wako anakutoza kodi ya pango kiasi gani? Sijakuona ukimsifu mwenye nyumba hata siku moja.

Lorena


Orrin
19 Aprili 1970

Mdogo wangu Kaz,

Wiki kumi na nne tangu nikuandikie, na barua yako sijaiona. Natumaini ni zamu. Uyoga umetoka chini ya miti mikavu nyuma ya reli, pale petu. Nimeokota kikapu kizima na sijamwonyesha mtu njia.

Sensa imepita. Alikuja mwanamke kutoka mjini, amevaa viatu vya kanisani, katikati ya matope ya Aprili. Nilimhurumia nikampa kahawa. Akafungua karatasi zake, akaniuliza, "Tarehe mosi Aprili, nani alikuwa mkazi wa nyumba hii?" Nikamjibu, mimi. "Mwingine?" Mkono wangu ulikuwa juu ya birika, Kaz, nikammiminia kahawa mpaka ikafurika. Nikasema hakuna. Akaandika moja. Nyumba ya vyumba vinne, ameandika moja.

Alipoondoka nilikaa pale pale jikoni, nikaona aibu, kama nimekusengenya. Niandikie, hata kwenye kadi ya posta.

Lorena


Flint
7 Juni 1970

Dada,

Nipo. Usiwaze. Mambo yamekuwa mengi tu, mambo mazuri mengine, nitakueleza nikipata utulivu. Nakumbuka uyoga. Juzi nilijaribu kumweleza mtu hapa jinsi mama alivyoukaanga kwa krimu, akafikiri namdanganya.

Ulimjibu vizuri yule wa sensa.

Kaz


Orrin
26 Julai 1970

Mdogo wangu,

Joto limetushika koo. Bi Petkus anashinda na miguu ndani ya beseni. Goti langu limepata nafuu, joto linalipenda.

Sasa soma taratibu. Ofisi ya sensa imeleta hesabu ya awali: watu 388. Nilipoisoma mbele ya baraza hakuna aliyecheka. Hollis alisema, "Mia mbili na ushei wamekwenda wapi?" kama hajui, wakati wanawe watatu wako Chicago. Hesabu hiyo ikithibitishwa ndiyo jimbo litakayoitumia kugawa fedha, na itakaa miaka kumi, mpaka sensa ya mwaka themanini. Pampu mpya tuliyoiagiza haitalipika.

Wamesema lakini kwamba kama tunaona wako waliosahauliwa, karani apeleke majina na anwani, naye aape kuwa ni kweli. Karani ni mimi. Nikachukua daftari, nikapita nyumba kwa nyumba siku nne. Nikipiga mlango nauliza, nani anaishi hapa? Unajua nilichoambiwa?

Nilianza na Bi Petkus. "Mimi na mwanangu Leonard," akasema.

"Leonard yuko?"

"Yuko. Ametoka tu."

"Ametoka lini?"

"Hamsini na nane."

"Bi Petkus, hiyo ni miaka kumi na miwili!"

"Kwani godoro lake nimempa nani? Andika, mtoto, acha ubishi."

Nikaandika. Na kila mlango ikawa hivyo hivyo. Wazee wa Stankus walinitajia wana wanne, wakanionyesha na suruali zao kabatini, zimepigwa pasi. Mjane wa Rusk alimtaja binti aliye California, akaniambia anarudi kila siku, "moyoni." Hakuna aliyeona anasema uongo, Kaz, hilo ndilo lililonimaliza. Hawakuzungumzia fedha hata mmoja. Walikuwa wanajibu swali.

Nami ningewakatalia kwa uso gani? Jina la kwanza kabisa kwenye daftari, kabla sijatoka nyumbani kwangu, nililiandika mwenyewe kwa wino, lako zima: Casimir Gudaitis. Orodha imefika majina 74.

Tarehe 22 Agosti nakwenda kuapa mbele ya hakimu wa kaunti. Mengine nitayabeba, walionitajia ni wazazi. Lako ni langu. Nijibu neno moja tu, ndiyo au hapana. Wewe ni mtu wa Orrin?

Lorena


Orrin
16 Agosti 1970

Kaz,

Nimekwenda posta kila siku. Karani wa posta sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Zimebaki siku sita.

Lorena


Flint
16 Agosti 1970

Dada yangu Lorena,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya tano ndiyo hii, na Opal amekaa mbele yangu kuhakikisha naimaliza.

Jibu ni hapana.

Mosi Aprili niliijaza karatasi ya sensa kwa mkono wangu, hapa hapa mezani. Niliandika watu watano. Mimi, Opal, binti zake wawili Darlene na Fay, na mtoto wetu, Ona, jina la mama, aliyezaliwa tarehe 9 Februari. Opal si mwenye nyumba wangu. Ni mke wangu tangu Juni ya sitini na nane. Nyumba tunanunua pamoja, benki ikituruhusu kufika mwisho.

Sikukuambia kwa sababu aliwahi kuolewa akaachana na mumewe, na tulifungishwa ndoa mahakamani, si kanisani, na nilijua ungesimama upande gani wa meza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwanzoni. Baadaye sababu ikawa wewe. Kila barua, chumba kimefagiliwa, chumba kimepakwa rangi. Nikisoma nashindwa. Nilijiona kama mtu aliyeacha dada yake amesimama kituoni, na kila mwaka unaopita kurudi kumwambia aende nyumbani ni kugumu zaidi.

Siku ile ya sensa nilishika kalamu nikakuwaza. Nilijua nikiandika jina langu hapa nalitoa kule. Niliandika. Nililia kidogo, Opal ni shahidi. Usiniapie, Lorena. Usimwambie hakimu niko nyumbani.

Na nyumba ya baba siitaki. Sijawahi kuitaka. Niliogopa kusema kwa sababu umeitunza kama kitu kitakatifu.

Nisamehe ukiweza. Ona ana mdomo wako, na anaukunja vile vile.

Kaz


Orrin
6 Septemba 1970

Mdogo wangu Kaz,

Barua yako ilifika Alhamisi ya tarehe 20, siku mbili kabla ya kiapo. Shukuru posta.

Mtalaka, na ndoa ya mahakamani. Haya. Nilikasirika siku nzima. Nilisafisha jiko lote, nikafua mapazia yasiyo na kosa. Ijumaa asubuhi nikaamka nikajikuta namuwaza mtoto wa miezi sita anayekunja mdomo, na hasira nikaitafuta sikuiona. Lakini miaka miwili, Kaz! Miaka miwili umenificha, ukinilisha habari za kuku wa asubuhi!

Nilichukua daftari nikalikata jina lako. Mstari mmoja, kwa rula. Nilidhani nitaumia zaidi ya hapo. Kisha nikatoka nikarudi kwenye milango ile ile, maana singeweza kukukata wewe nikawaacha wa wenzangu. Kwa Bi Petkus nilikaa saa nzima. Nikamwambia, Kaz wangu nimemkata. Akanitazama sana. Akaniuliza, "Amekufa?" Nikamwambia hapana, ana mke na watoto watatu, anaishi Flint. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akamkata Leonard mwenyewe. Hakutumia rula, mstari ukapinda. Halafu akasema, "Sasa nitaweza kumwandikia nimuulize anaishi vipi. Zamani nilikuwa namuuliza anarudi lini tu." Tukalia wote wawili, na mbwa naye akaanza kulia, tukaishia kucheka.

Mjane wa Rusk alinifungia mlango. Binti yake nilimkata bila ruhusa ya mama, na bado hatusemeshani.

Majina 74 yamebaki matano. Ni akina Doyle, wanaoishi kwenye trela nyuma ya ghala la nafaka, mume na mke na watoto watatu, ambao mwanamke wa viatu vya kanisani hakuwafikia. Hao walikuwepo kweli, na niliwaapia bila kigugumizi. Sisi ni 393. Hollis amekubali pampu ya mtumba.

Sasa na mimi niseme langu, maana umenitangulia.

Umeandika kwamba huitaki nyumba. Mimi pia siitaki. Siipendi, Kaz. Ina baridi, ina ngazi, kila chumba kina kikohozi cha baba. Mwaka wa sitini na tano Clyde Rusk, shemeji wa yule mjane, aliniomba nifuatane naye Peoria, alikuwa na kazi na alikuwa na nia njema, nikamjibu siwezi, natunza nyumba ya mdogo wangu. Alioa mwingine. Sikukuambia kwa sababu ningeonekana nakudai. Mimi ndiye niliyekulea tangu ukiwa na miaka tisa, nikadhani kazi yangu ni kusubiri pale ulipoliacha sanduku lako la shule. Nilikuwa nakuita urudi ili mimi nipate ruhusa ya kuondoka. Na nakukumbuka. Kila siku, kwa kila kitu. Sikuwahi kuliandika neno hilo, niliandika habari za pampu.

Akina Doyle wanahamia nyumbani Jumamosi. Watalipa kidogo, utakipokea wewe, karatasi za nyumba ni zako. Ukarani nimemkabidhi mke wa Hollis. Hollis alisema, "Lorena, ukiondoka tunabaki 392." Nikamwambia asome tena barua ya sensa, na avae miwani. Wanaangalia ulipokuwa tarehe mosi Aprili, basi. Mimi nilikuwa hapa, jikoni, na yule mwanamke aliandika moja. Hilo halifutiki mpaka mwaka themanini. Nitakuwa Flint nakula kuku asubuhi, na fungu langu litaendelea kuja Orrin kila mwezi. Nimewaachia.

Basi linafika kwenu Jumatano ya tarehe 16, saa kumi jioni. Mwambie mkeo sijui kukaa bure na sijui kunyamaza, ajiandae. Mlete Ona kituoni. Nataka ajue tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa nyumba hiyo, na mtu akija kuuliza mko wangapi, mseme sita.

Dada yako,
Lorena